Breki za mbele zikishaingiliwa na hewa ya bahari

Gari la zamani linalolala nje Shangani au Mikindani kule Mtwara, au kando ya ghuba ya Lindi lina kutu yake. Chumvi inaingia kwenye uzi wa kila nati, na kazi ya kubadili pedi za breki, ambayo ingeisha kabla ya chai ya saa nne, inakula siku mbili. Pedi zenyewe hazisumbui. Zinazogoma ni pini mbili za kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi, na ile nipo ndogo, skrubu ya kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki.

Ukikuta pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, usikimbilie duka la spea. Pini zimeshika, kalipa haitelezi juu yake, pistoni iliyo ndani ya kalipa inasukuma upande mmoja tu. Pedi mpya juu ya pini hizo zitaliwa vilevile.

Nipo ndiyo inayotia hasira. Ina tundu katikati, kwa hiyo chuma chake ni chembamba. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu shinani jioni, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita. Spana fleti inakula kona. Gonga kichwa kidogo kwa nyundo ndogo, kaza kwanza kwa upole, ndipo ufungue. Ikilia "ti", kutu imeachia. Ikizunguka kilaini bila mlio huku shina halisogei, chuma kinajipinda na kiko karibu kukatika: acha, kaza tena, ongeza mafuta, subiri. Ikikatikia ndani, ni kutoboa kwa drili au kalipa nyingine.

Ndiyo maana nipo, sili na pini mpya ziwe mkononi kabla hujafungua chochote. Spea za magari ya zamani mara nyingi zinasubiriwa kutoka Dar, na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi, hakuna basi lililopita. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishashiba maji kiwango chake cha chini ni 140. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi isitumike.

Pini zisugue kwa msasa laini; zenye mashimo ya kutu zitupwe. Paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya chasisi inavimbisha mipira inayofunika pini, nazo zinashika upya, jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijali. Unaporudisha pistoni ndani ili pedi mpya zienee, vika nipo mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa, ndipo uifungue, uchafu utoke huko usipande juu.

Kutoa upepo ni watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Kopo la juu la mafuta ya breki lisikauke hata mara moja. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake wala tofali za saruji, maana hizo hupasuka ghafla. Kabla ya kulisogeza, kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu.

Endesha polepole umbali wa kilomita chache, shuka, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili bila kugusa. Moja ikichemka zaidi na pini zinateleza vizuri, fungua nipo ya upande huo: tairi likiachia hapo hapo, mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umevimba ndani na unazuia mafuta kurudi. Badilisha mipira hiyo yote miwili ya mbele.