Stroberi na majirani zake: kumbukumbu ya matuta matatu nyuma ya nyumba

Mwisho wa Mei

Masika imekata, udongo bado una unyevu, nkaona ndo muda wenyewe. Nina miche 72 ya stroberi aina ya Chandler nimeichukua kwa mkulima mmoja huku juu upande wa Mlima Meru, na matuta matatu nyuma ya nyumba, kila moja mita 4 kwa mita 1. Miche 24 kila tuta, mistari miwili, sentimita 30 toka mche hadi mche. Moyo wa mche, pale majani machanga yanapochomozea, nimeuacha usawa na udongo, maana ukiufukia unaoza, ukiuinua sana mizizi inakauka.

Kupanda hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni nani akae nayo. Stroberi ni fupi, haifiki hata goti, mizizi yake karibu yote iko kwenye sentimita 30 za juu, afu inakaa palepale miaka miwili mitatu, kwa hiyo ukiipa jirani mrefu anaizibia jua, ukiipa mwenye mizizi ya fujo anaiibia maji, na huwezi kila msimu kuchimbachimba pembeni yake kama unavyofanya kwenye bustani ya mchicha.

Nimeuliza watu, kila mtu ana orodha yake. Nyanya nimekataa mapema. Kuna fangasi wa kwenye udongo anaitwa vetisiliamu (Verticillium), anashambulia nyanya, pilipili, biringanya, viazi mviringo na stroberi pia, na anakaa ardhini miaka. Tuta langu la nne lilikuwa na nyanya mwaka jana, basi nimelitoa kwenye mradi kabisa. Kabichi na sukuma wiki nimeacha, zinakula sana na majani yake yanafunika. Mnanaa alinipa mama jirani kwa moyo mweupe, nikaupanda kwenye ndoo iliyotoboka, maana ule ukiuachia ardhi mwaka mmoja unakuta stroberi ndo mgeni.

Mgawanyo ukawa hivi: tuta la kwanza vitunguu saumu na letusi, la pili maharage mafupi yale ya kula na ganda, la tatu giligilani (kotimiri) na maua ya bangibangi yale mafupi ya njano na chungwa, kwa sababu mizizi yake inapunguza minyoo fundo, vile viminyoo vya ardhini vinavyotia mizizi vinundu.

Julai

Baridi la Arusha hili, asubuhi vidole havishiki jembe. Stroberi zenyewe wala hazina habari, zinapendeza kuliko mimi. Maua ya kwanza yametoka nikayabana yote kwa kucha ili mche ujenge mizizi kwanza. Roho iliniuma.

Letusi imekuwa jirani mzuri kuliko nilivyotegemea. Inakua haraka, inafunika udongo usikauke, nakata kwa kisu juu ya udongo sing'oi, mizizi inabaki inaozea hukohuko. Maharage yamestawi mpaka yananitisha.

Mwanzo wa Septemba

Maharage ndo yaliyoniangusha bana. Kila mtu alinisifia kwamba yanaongeza naitrojeni kwenye udongo, na kweli, ila sehemu kubwa inabaki mwilini mwa mmea wenyewe, udongo unaipata vizuri baada ya mmea kufa na kuoza, sasa stroberi ifaidike nini wakati mwenzake bado yuko hai anakunywa maji? Hilo ningelivumilia. Ila kiangazi kilipokolea majani ya maharage yakaanza vidoadoa vyeupe, nikageuza chini nikaona utando mwembamba na vidudu vidogo ka vumbi linalotembea. Utitiri mwekundu. Anapenda maharage kuliko karibu kila kitu na anapenda stroberi pia, kwa hiyo mimi mwenyewe kwa mikono yangu nimemjengea daraja. Nimeng'oa maharage yote, nimetoa majani ya stroberi yaliyoathirika, na kila asubuhi napiga maji chini ya majani kwa presha, maana wale wanapenda ukavu na vumbi. Tuta limepoteza miche 5.

Kwenye tuta la saumu utitiri nimeuona kidogo sana. Sitaki kuapa kwamba ni harufu, linaweza likawa bahati au kwa vile liko mbali na maharage.

Oktoba

Sasa ndo utamu. Matunda yanakuja kwa bakuli, na nikaanza kuona kitu. Tuta la kwanza matunda mengi yamejikunja, upande mmoja umenenepa upande mwingine umebana ka ngumi. Nilidhani ni mdudu au mbolea. Kumbe zile punje ndogo za nje tunazoziita mbegu, kila moja ni tunda kamili kwa maana ya kibotania, na ile nyama nyekundu inavimba pale tu punje iliyo juu yake imepata chavua. Punje isiyochavushwa, pale hapavimbi. Upepo unasaidia kiasi ila kazi ya kumalizia ni ya nyuki.

Tuta la tatu karibu matunda yote yamenyooka. Tofauti ninayoiona ni moja: giligilani niliizembea kukata ikatoa maua, yale madogo meupe, na kuanzia saa tatu asubuhi pale ni soko. Nyuki, na wale nzi wadogo wenye mistari ka nyuki wanaosimama hewani, ambao watoto wao wanakula vidukari. Wakimaliza kwenye giligilani wanashukia stroberi. Saumu haina kitu cha kumwita nyuki, na letusi mi naikata kabla hata haijafikiria maua.

Mama jirani akapita akasikitika: "We mwanangu, kotimiri yote hii umeiachia izeeke, si ungeniita nikachume?" Nikamwambia mama shikamoo, hiyo ni ya nyuki. Akanicheka.

Halafu nikakumbuka stroberi yenyewe hii tunayoilima imezaliwa kwa ujirani. Mwaka 1714 mhandisi wa jeshi wa Ufaransa, Frézier, alirudi na miche ya stroberi kubwa za Chile, ikawa inatoa maua haizai vizuri, kwa sababu ilikuwa majike matupu. Ilikuja kuzaa ilipopandwa karibu na stroberi nyingine iliyotoka Amerika Kaskazini, na kwenye kuchanganyika huko ndo ikapatikana hii ya kwetu. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Duchesne, akaja kueleza asili yake mwaka 1766. Yaani miaka yote ile watu wanahangaika na mche, kumbe amekosa jirani.

Mwisho wa Novemba

Vuli imeanza. Jirani mzuri wa kiangazi si lazima awe mzuri wa mvua, hili halikuwepo kwenye orodha ya mtu yeyote. Letusi ilikuwa inanitunzia unyevu, sasa inatunza konokono wasio na gamba, wanalala chini yake mchana usiku wanatoboa matunda. Na pale majani yalipobanana hewa haipiti, ukungu wa kijivu umeanza kwenye matunda yanayogusa udongo. Nimetoa letusi yote, nimepunguza giligilani nusu, nimetandaza maganda ya mpunga chini ya matunda.

Saumu nayo nimeivuna. Si mbaya, ingawa huwezi kuiweka meza moja na ya Mbulu. Kosa langu niliipanda sentimita 10 toka kwenye stroberi, kung'oa kitunguu kikaja na mizizi ya mwenzake, miche miwili nimeiinua kabisa. Msimu ujao sentimita 20 au naizungushia pembeni ya tuta tu.

Stroberi zimeanza kutupa zile kamba zake zenye vitoto. Nimeviwekea vikopo vya udongo vishike mizizi, vitajaza nafasi za tuta la pili, na safari hii giligilani napanda kidogokidogo kila baada ya wiki tatu, ili maua yasikate.

Mama jirani alirudi jana kutafuta kotimiri ya kachumbari. Majani hamna, nimempa mbegu kavu za pilau.