Amplifaya ya mtumba na plagi iliyobadilishwa

Spika tano nilikuwa nazo kabla sijapata mashine ya kuziendesha. Mbili kubwa za mbele aliniachia shemeji yangu alipohamia Tabora, akiona ni heri zibaki kwangu kuliko kuzilipia mzigo kwenye treni. Tatu ndogo, yaani ya katikati na mbili za nyuma, zilisalia kutoka kwenye seti ya sinema ya nyumbani ambayo mashine yake iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi. Sabufa inajitegemea, kwa kuwa ina amplifaya yake ndani. Nilichokosa ni amplifaya ya chaneli tano, yaani yenye njia tano za sauti, moja kwa kila spika, na kwa kipato changu hiyo ilikuwa na maana moja tu: mtumba, kutoka katika maduka ya Mwanga hapa Kigoma. (Usiulizie risiva, ingawa ndilo jina la kawaida la amplifaya ya aina hii. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, nikaletewa ya dishi.)

Kabla ya kwenda dukani nilizigeuza spika zote nikasoma migongo yake, na nashukuru nilianza huko. Zile kubwa ziliandikwa omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme kupita), lakini zile ndogo ziliandikwa omu 3. Spika za seti za aina hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mashine yake peke yake, wakati amplifaya nyingi za kawaida za sinema ya nyumbani hutaka spika za omu 6 hadi 8. Ukinzani wa spika unapopungua, umeme unaopita huongezeka, transista za kutoa sauti hupata moto, na mashine iliyo nzima hujizima yenyewe ili kujilinda; ile iliyokwisha kuchoka huenda isijizime kabisa, ikaungua. Shemeji aliponishauri kwa simu niziunge hivyo hivyo, ila nisifungue sauti sana, nilimkatalia kwa heshima. Niliziweka kando, nikamwomba fundi redio ninayemwamini, mzee mmoja wa Ujiji, anitafutie tatu kuukuu za omu 8.

Mashine ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia wasiwasi: uso mweusi usio na mkwaruzo, herufi za Kijapani kwenye vitufe vichache, na bei ya chini kuliko zote dukani. Waya wake wa umeme ulikuwa wa zamani, umekakamaa na kufifia rangi, lakini plagi iliyokuwa mwishoni ilikuwa mpya, ya pini tatu za mraba kama tunazotumia nchini. Nikamwuliza kijana wa dukani kwa nini plagi ilibadilishwa. Akacheka akasema, "Mzee, plagi ni ya kwetu, umeme ni wa kwetu, sasa hofu ya nini?" Nikaomba tochi, nikainama nyuma ya mashine. Karibu na pale waya unapoingilia palikuwa na maandishi madogo yaliyosema volti 100.

Umeme wetu ni wa volti 230, wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Ukichomeka mashine ya volti 100 kwenye soketi yetu, transfoma ya ndani hupokea zaidi ya mara mbili ya kiasi ilichotengenezewa. Ukibahatika fyuzi hukatika, usipobahatika fyuzi huondoka pamoja na transfoma na kapasita. Mashine ya namna hiyo hutumika vizuri ikiwa na transfoma ya nje ya kushusha umeme, nami sina ugomvi nayo, mradi transfoma hiyo iwe kubwa kuliko wati zinazoandikwa nyuma ya mashine kuwa ndizo inazotumia. Kijana aliniletea transfoma ya wati 100, ilhali mashine iliandikwa wati 240. Niliaga. Kwa hiyo, msomaji utakayekwenda kununua, soma bamba la nyuma, kwa sababu plagi hubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi.

Kuhusu wati za sauti nitasema machache, maana wauzaji huzisema mno. Mashine moja inaweza kuandikwa wati 100 kwa chaneli moja tu, katika omu 6 na upotofu wa sauti wa asilimia 10, na nyingine ikaandikwa wati 70 kwa omu 8 na upotofu usiofika asilimia 0.1, na hiyo ya pili ikawa ndiyo yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, kuongeza wati maradufu hukupa desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangaa. Mimi niliamini zaidi mizani ya mikono: amplifaya yenye transfoma ya maana huwa nzito, na ukiibeba unahisi uzito umeegemea upande mmoja.

Niliyoichukua hatimaye ni Yamaha ya volti 230, yenye vumbi, isiyo na rimoti, na ambayo matundu yake yote ya HDMI, yale ya waya unaobeba picha na sauti pamoja, yalikuwa yamekufa. Mwenye duka hakunificha, na ndiyo maana tuliafikiana shilingi 150,000. Wengi wangeiacha kwa kasoro hiyo. Mimi nilikumbuka kwamba picha haina haja ya kupitia kwenye amplifaya; inaweza kwenda moja kwa moja kwenye runinga, na sauti ya sinema ya mfumo wa Dolby Digital au DTS, ya chaneli tano na sabufa, ikapita kwenye waya wa mwanga, ule unaosafirisha sauti kwa mwanga badala ya umeme. Lipo sharti moja: waya huo utoke kwenye deki au king'amuzi chenyewe, kwa sababu runinga nyingi hupokea sauti ya chaneli tano kwa HDMI kisha huitoa kwenye tundu lake la mwanga ikiwa imeshushwa kuwa chaneli mbili. Deki yangu ya zamani ina tundu hilo, basi nikatulia.

Malipo yalisubiri mpaka ikaguliwe na mzee wa Ujiji. Alichungulia matundu ya juu kwa tochi, akatoa mende wawili wakavu kwa brashi, akaangalia vichwa vya skrubu kama vimechubuliwa na mafundi waliotangulia. Kisha akaiwasha bila spika, tukangoja, na baada ya sekunde chache ukasikika mlio mdogo, "tak", wa relei, swichi ya ndani, kuunganisha njia za spika. Hapo akapima kila chaneli kwa mita, akiutafuta umeme mnyoofu (DC) usiotakiwa kufika kwenye spika. Chaneli zote zilikuwa chini ya milivolti 50. Ndipo akaunga spika moja moja, akazungusha kitufe cha sauti taratibu pasipo muziki. Kilikwaruza mwanzoni, kikaacha baada ya kunyunyiziwa dawa. Tuliiacha ikiimba nusu saa, akaweka kiganja juu yake. "Joto la chai ya kunyweka," akasema, nami nikaenda kulipa.

Nyumbani nimeiweka juu ya rafu iliyo wazi, na umeme unaiingia kupitia kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi. Mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli umetufundisha kuchomoa vitu haraka. Kipaza sauti kidogo cha kupimia chumba kilikwishapotea, kwa hiyo umbali wa kila spika niliupima kwa futi ya fundi cherehani nikauingiza kwa vitufe vya mbele, nikisoma kioo kidogo cha mashine. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna amplifaya inayofaa kitu, tunazima tukisubiri ipite. Spika ya nyuma ya kushoto bado ina sauti hafifu kuliko mwenzake, na nimegundua kwamba upande huo niliunganisha vipande vitatu vya waya mwembamba. Jumamosi nitakwenda kununua mita kumi za waya mmoja mzima.