Nilivyoinasa azobenzini ikijikunja juu ya dhahabu

Azobenzini, molekuli yenye pete mbili za kaboni zilizounganishwa na nitrojeni mbili, ikipigwa na mwanga wa urujuanimno hujikunja ndani ya pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) chache. Kwenye kimiminika hilo limepimwa sana. Mimi nilitaka kuliona kwenye tabaka moja tu la molekuli, zilizojishikiza kwenye dhahabu kwa salfa.

Njia ni ile iliyompatia Ahmed Zewail Nobeli ya Kemia mwaka 1999: pigo la kwanza la leza linaamsha, la pili linachungulia. Saa yenyewe ni umbali. Kioo kinachorudisha pigo mojawapo kikisogea mikromita 0.15, mwanga unaokwenda na kurudi unachelewa femtosekunde 1, yaani sehemu ya elfu ya pikosekunde.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye kuchungulia. Nilikutanisha mwali wa infraredi na mwali unaoonekana pale kwenye uso wa dhahabu, ukazaliwa wa tatu wenye jumla ya nishati zao. Ndani ya dhahabu, ambako atomi zimepangika kwa ulinganifu, mwali huo hauzaliwi, kwa hiyo unaleta habari za uso peke yake. Bahati mbaya uso wa dhahabu nao huzaa mwali huo, na sauti yake ni kubwa kuliko ya molekuli. Dawa yake niliipenda sana: nilichelewesha kidogo pigo linaloonekana. Elektroni za dhahabu hunyamaza mara moja, ilhali molekuli bado zinatetema, na ndizo nilizozisikia.

Unyevu wa hewa hula infraredi, basi njia nzima ya mwanga niliijaza nitrojeni kavu. Molekuli nazo zilihitaji nafasi. Zikibanana hazijikunji, kwa hiyo nilizichanganya na thioli fupi, yaani molekuli nyingine zenye salfa ya kushika dhahabu. Tena, iliyokwisha kujikunja hainyooki yenyewe upesi, na leza inapiga mara 1,000 kwa sekunde. Nikawa nazungusha sampuli huku taa ya buluu ikizirudisha molekuli zilivyokuwa.

Hata hivyo sikuiamini ishara ya kwanza. Leza hupasha dhahabu joto, na joto nalo hubadilisha mtetemo. Nikaandaa sampuli nyingine yenye thioli zisizo na azobenzini, zenye kikundi kilekile cha nitrili (kaboni na nitrojeni) ambacho mtetemo wake ndio ninaousikiliza, nikaipima vilevile, kisha nikatoa moja kwenye nyingine. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilirudi kila nilipopima.

Sasa nabadilisha rangi ya pigo la kwanza, nijue kama molekuli zinafyonza mwanga zenyewe au zinasukumwa na elektroni za dhahabu.