Nilivyopata turbo ya kuifaa Chevrolet 454 ya mbio za dragi

Ukiuliza turbo gani (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi) inafaa injini kubwa, watu wanakujibu kwa milimita tu za kompresa, lile gurudumu la kubana hewa. "Weka 76, inatosha." "Achana na 76, tafuta 106." Hakuna anayeuliza injini itazunguka hadi wapi, wala moshi wake utatokea wapi. Ushauri wa namna hiyo umewapotezea watu pesa nyingi hapa Houston, na mimi umenichosha.

Kazi yenyewe ilikuwa V8 ya inchi za ujazo 454, lita 7.4, ile bloku kubwa ya Chevrolet iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Mwenyewe alitaka nguvu farasi 900 na zaidi kwa mbio za robo maili, yaani mita 402. Gari lilikuja gereji tayari lina turbo ya milimita 76 aliyouziwa dukani. Lilikuwa linaruka vizuri mwanzoni, kisha likipita mizunguko 5,000 kwa dakika linalegea. Duka likamwambia aongeze presha. Nikamkataza.

Nilianza na hesabu. Injini ya mipigo minne humeza ujazo wake wote kila inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 6,500, silinda zikijaa asilimia 90, injini hii inameza futi za ujazo 770 hivi kwa dakika bila turbo. Ukiisukumia psi 14.7 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), presha ya hewa inakuwa maradufu ya ile ya nje, lakini uzito wake haufiki maradufu, kwa kuwa kuibana kunaipasha moto na intakula, kile kipoozeo cha hewa, haiupoozi wote. Kwa joto la Texas nilizidisha kwa 1.75. Ikaja karibu pauni 95 za hewa kwa dakika, na kila pauni ni nguvu farasi kumi hivi. Kompresa ile ingefika hapo kwa shida. Ila shaka yangu kubwa ilikuwa upande wa moshi: flanji ya T4, yaani mdomo wa kupokelea moshi, na hausingi ya 0.81, yaani ganda la upande wa moshi.

Nilitoboa bomba la moshi kabla ya turbini, lile gurudumu linalozungushwa na moshi, nikachomelea nati, nikafunga bomba jembamba la shaba, lile la friji, refu kupita mita moja, nikalikunja koili ili joto liishie njiani lisiunguze geji. Geji nikaiweka pembeni ya ile ya presha ya hewa, na simu nikaifunga kwa gundi ya karatasi irekodi zote mbili kwa pamoja. Dereva wa dragi hana jicho la kusomea geji, usimwamini akikwambia ameona. Usiku tukatazama video polepole: hewa inaingia kwa psi 14, moshi umebanwa kwa psi 37! Kijana ninayefanya naye kazi, wa Likoni, akasema, "Fundi, hiyo geji imekufa." Nikafunga nyingine. Ikasoma vilevile. Kwa hali hiyo, vali mbili zikiwa wazi kwa pamoja, moshi unarudi silinda na kuipasha moto hewa mpya. Kuongeza presha pale ni kutafuta pistoni itoboke.

Akaja mshauri wa pili na 106 yake ya kuazima, anasisitiza ijaribiwe. Nilikubali kwa sharti moja, geji zibaki. Mstarini, breki ya giaboksi imeshika, mafuta yamekanyagwa mpaka chini: psi 2, psi 3, basi. Mpinzani ameshajipanga anasubiri. Konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, inachemsha oili. Taa ya kijani ikawaka, gari likaondoka kama halina turbo kabisa, na presha ikaja nusu ya njia, yote kwa mpigo mmoja. Matairi ya nyuma yakateleza, dereva akaachia. Mwenye turbo akashauri tubadili konveta na kamshafti, ile shafti inayofungua vali, tuongeze na mizunguko. Injini nzima ijengwe upya ili turbo yake ipate kazi!

Niliyoichagua ni ya milimita 80, gurudumu la turbini milimita 96, flanji ya T6, hausingi ya 1.32. Namba hiyo ya hausingi ni eneo la njia ya moshi ukiligawanya kwa umbali wake hadi katikati ya shafti. Ikipanda, moshi unapita kwa urahisi, ila turbo inachelewa kidogo kuamka. Kwenye ramani ya kompresa, ule mchoro wa hewa inayoweza kutoa kwa kila presha, pauni zangu 95 ziliangukia ndani, mbali na ule mstari wa kushoto ambako hewa huanza kurudi nyuma. Bei ilikuwa dola elfu moja na ushee, mbali na kuchomelea mabomba upya.

Geji zilezile sasa zinasoma psi 15 za hewa na 19 za moshi. Mstarini inajenga presha ya kutosha kabla ya taa, na robo maili gari linamaliza kwa sekunde tisa na pointi. Najivunia kazi hii. Wastegeti, vali inayopunguza moshi unaokwenda kwenye turbini, niliifunga pale moshi unapoelekea wenyewe, maana ukiiweka kwenye kona ya kurudi nyuma, presha itapanda bila ruhusa yako.

Wenzangu wa Nairobi, msinakili namba zangu. Mko mita 1,700 juu ya bahari na Houston iko karibu na usawa wake. Presha ileile ndani ya injini, ambayo kwangu ni uwiano wa 2, yaani maradufu ya hewa ya nje, kwenu inadai 2.4 hivi, na kompresa itazunguka kwa kasi zaidi kuitoa. Wa Mombasa na Dar wanaweza kuanza na 2 kama mimi.