Mtungi Uliolipiwa Siti

Nauli ya mtu mzima kutoka Ipinda, Kyela, hadi Uyole, Mbeya, naijua. Nauli ya mtungi wa udongo sikuwahi kuisikia mpaka nilipotozwa.

Nilihamia Uyole kikazi nikitokea Tanga. Mtu wa pwani akipata nyumba huku, hahangaiki kwanza na pazia wala rangi ya ukuta. Anahangaika na sakafu. Kwetu sakafu ikishapigwa deki unajinyoosha juu yake mchana, raha tupu. Uyole mwezi wa sita hiyo saruji hata kuikanyaga peku unaiomba radhi. Mshahara wa kwanza ukaishia sokoni Mwanjelwa kwenye kapeti na mablanketi, kwa bei ambazo nilipomtajia mama kwenye simu aliniuliza kama nimemnunua na muuzaji. Mwenye nyumba naye amekataza kupigilia misumari, kwa hiyo picha zangu zimesimama chini zimeegemea ukuta, na kila mgeni alikuwa akiniuliza ninahama lini.

Nilichokitaka hasa ni mtungi. Nyumbani Tanga upo pembeni ya ukumbi, kata imelazwa juu ya kifuniko, na mgeni akifika anajichotea bila kuuliza. Nilipomwambia jirani yangu, Mnyakyusa wa Rungwe, alicheka mpaka akashika mlango. Maji ya bomba ya Uyole asubuhi yanatia ganzi meno, unataka kuyapoza ya nini? Nikamwambia si ya kunywa, ni ya kutazama. Hilo ndilo lililomchekesha zaidi. Lakini akanielekeza: nenda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, Wakisi wa Ikombe wanafinyanga, Jumamosi wanavileta vyungu kwa mitumbwi gulioni Lyulilo.

Ijumaa nikashuka. Kiwira ndizi, Tukuyu mvua, halafu barabara inaanza kuteremka na abiria mmoja mmoja anavua sweta. Mbeya imepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500, na tofauti hiyo unaisikia mwilini kabla hujaona maji. Kufika kwenye mpunga na mikakao ya Kyela, jasho lilinitoka la Tanga hasa, nikajikuta natabasamu peke yangu. Gesti ya Matema ilinipoza furaha: chandarua kina tundu la kupita mkono, na bei kama vile ziwa ni la kwao.

Gulioni vyungu vimepangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo, nyuma yake Milima ya Livingstone imesimama wima kabisa. Mama mmoja aliniacha niinue, nigonge, nisikilize mlio, kisha akauliza, "Unapikia nini, mwanangu?" Nikamwambia siupikii. Unatia pombe? Hapana. Maji? Nikasita. "Unakaa wapi?" Uyole. Akamgeukia mwenzake, wakasemezana kwa Kikisi, wakaangua kicheko kilekile cha jirani yangu. Hata hivyo hakunipunguzia sana. Alianzia elfu kumi na tano, tukaishia kumi na moja, na akanifundisha kuuwekea ngata ya majani chini usije ukabingirika. Ameufinyanga kwa mkono na mdomo wake ni duara kamili. Nimeuzungusha mara nyingi nikitafuta kasoro.

Sasa safari ya kurudi, kwa Noah ya abiria ya Ipinda. Konda aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akasema, "Anti, huo haukai kwenye buti, utapasuka. Lipia siti." Siti nzima? Nzima, kwani unakaa nusu? Nikalipa, maana mwenye kubeba udongo hana ubishi. Nikaufunga mkanda kabisa pale pembeni yangu, na kwa kilomita chache tulikuwa tumekaa kiheshima, mimi na mwenzangu.

Kabla hatujafika mbali gari likasimama, akapanda mzee na dumu la mawese. Konda akaunyanyua mtungi, akaniwekea mapajani, mzee akakaa kwenye siti yangu ya pili. Na akalipa! Nikasema, konda, siti hiyo imeshalipiwa. Akasema, "Anti, umelipia mzigo." Nikamwambia ulisema siti. Gari zima likaingia kwenye kesi. Dada wa mbele akasema nirudishiwe yote. Kijana wa nyuma akasema mtungi hauna nauli kisheria. Mama mmoja akataka kwanza ajue nimeununua bei gani, na alipoambiwa akasema hapo ndipo nilipoibiwa, tuachane na konda. Mzee, maskini, alikuwa akijikunja kwa aibu, akaniambia, "Mwanangu, nishike upande mmoja?" Tukaushika wawili mpaka Tukuyu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, dirisha halifungi, na goti langu la kulia limekufa ganzi. Konda alinirudishia elfu moja, nayo kwa sababu dada wa mbele aligoma kushuka mpaka aione mkononi mwangu.

Wakati mwingine nafikiri mama yangu asingelipa tangu mwanzo. Angeubeba kichwani akakaa nao hivyohivyo, na hakuna konda ambaye angethubutu.

Siku hizi wageni hawaulizi tena ninahama lini. Wanaulizia mtungi, wanatoa maoni: usogee dirishani, utiwe maua, utiwe togwa. Jirani ndiye anayeutembelea zaidi. Juzi kaja na pesa mkononi, anataka vyungu viwili, kimoja cha maharage na kimoja, amesema kwa sauti ya chini, "cha kutazama." Amehesabu bei ya vyungu na nauli yangu ya kwenda na kurudi. Ya siti hakuweka. Anasema Jumamosi twende wote, konda aongee naye yeye.