Chablis ya zamani haitaki chaza

Muulize mtu yeyote hapa Auxerre, Ufaransa, Chablis, mvinyo mweupe wa mashamba ya jirani, inanywewa na nini, atakujibu "chaza" hata hujamaliza swali. Kwa chupa ya mwaka juzi sina ubishi. Ina uchachu wa ndimu na chumvichumvi kwa mbali, na chaza anateremka nayo vizuri. Lakini chupa iliyolala miaka kumi, kumi na tano, hicho ni kinywaji kingine. Ukiiwekea chaza mbele, umeionea chupa na umemwonea chaza.

Mimi nimezaliwa Dodoma, kwenye zabibu, kwa hiyo ndugu zangu hunitania kwamba nimevuka bahari kufuata nilichokiacha nyumbani. Wapi! Mzabibu wa kwetu haulali. Jua lipo mwaka mzima, mkulima anakata matawi na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huku mzabibu unasinzia kipindi chote cha baridi, ukiutazama utasema umekufa, kisha unachipua majira ya kuchipua na kuvunwa mara moja tu, mara nyingi Septemba. Joto likizidi, zabibu hujaza sukari haraka na uchachu hupotea. Baridi huutunza.

Ila baridi hiyohiyo ndiyo adui. Aprili 2021 machipukizi yalikuwa yameshatoka, jalidi ikashuka, na mashamba ya bonde la mto Serein yakawashwa mishumaa mikubwa usiku kucha. Wengine hunyunyizia mizabibu maji mpaka kila chipukizi lifunikwe na barafu. Kwanza nilidhani nafanyiwa mzaha. Kumbe maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na mradi yanaendelea kunyunyizwa, chipukizi lililo ndani hukaa karibu na nyuzi sifuri bila kufa.

Chablis yote ni zabibu ya Chardonnay, hakuna kuchanganya. Udongo wa miteremko iliyo bora ni chokaa na mfinyanzi, umejaa magamba ya chaza wadogo wa enzi za kale, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ukiinua jiwe unayaona kwa macho, yamejikunja kama mkia wa koma. Nadhani ndiyo maana watu hawaachi kuimba chaza, chaza.

Baba mkwe wangu ana chumba chini ya nyumba, giza tupu, ubaridi wa nyuzi 12 kiangazi na masika. Majuzi alipandisha Montée de Tonnerre ya 2010, moja ya zile zinazoitwa Premier Cru, yaani daraja la pili kwa ubora, mteremko unaotazamana na mashamba ya Grand Cru, daraja la juu kabisa, katikati kikiwa kibonde kidogo tu. Kizibo kilitoka kizima, kimeng'ang'ania vichembe vinavyometa kama sukari. Mgeni wetu alishtuka akidhani ni vioo. Ni chumvi ya asidi ya mvinyo iliyojigandisha, haina madhara.

Rangi ilikuwa ya dhahabu, si kijanikijani tena. Nikanusa: hakuna kitu. Nikakaa kimya kwa heshima ya mzee. Baada ya kama nusu saa glasi ikafunguka. Kwanza nta ya nyuki, halafu asali, halafu uyoga mbichi wenye udongo bado, na mwisho harufu ambayo mimi naijua kwa jina moja tu: korosho zikichomwa. Wafaransa wana karanga zao wanazozitaja. Mimi nashikilia korosho. Ukiinywa sasa, unategemea utamu kwa sababu ya ile asali, na hakuna utamu hata tone. Uchachu upo palepale, umenyooka, ila hautoboi ulimi tena.

Mvinyo wa namna hiyo unataka mafuta, unataka kitu kilichobabuka kwenye oveni, unataka uyoga. Siku ile tulikula kuku wa kuoka, mchuzi wa krimu na uyoga uliokaangwa kwa siagi mpaka kingo zikawa kahawia. Hiyo kahawia usiiogope, ndiyo inayoshikana na mvinyo. Krimu inalainisha, uchachu unasafisha mdomo, unarudi kwenye kuku tena. Nilikula kuliko ilivyo adabu ukweni.

Baada ya hapo jibini la Comté, lile lililokomaa mwaka na nusu au zaidi, gumu, lenye vichembe vinavyokatika jinoni. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza kabisa, hata kuku asubiri. Baba mkwe hakubali. Yeye anasema hakuna kinachoishinda andouillette, soseji ya utumbo wa nguruwe inayotengenezwa huko huko Chablis. Nimeila kwa heshima yake. Mvinyo uliwezana nayo, mimi sikuwezana nayo.

Nyumbani kwangu nimejaribu kuku wa kupaka, nazi nzito, amechomwa kwanza kwenye mkaa, bila pilipili. Ilikubali! Tui linafanya kazi ya krimu, na moshi unaiamsha ile korosho. Ukitia pilipili umeharibu, unabaki na moto na maji machachu. Siki nayo hapana, kwa hiyo kachumbari ikae mbali. Ndimu ya kukamulia samaki, matone tu.

Na jamani, friji. Mvinyo huu ukipoa kama soda hausemi kitu. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha. Ikitoka kwenye friji, iache mezani kwanza. Ukiona rangi ni ya chai na harufu ni ya tofaa lililokatwa likasahauliwa, usililaumu joto la meza. Hewa imeingia zamani, hiyo imekwenda, na mvinyo mweupe wa Bourgogne, eneo ambalo Chablis imo, una historia ya kufa mapema hivyo bila kumwonya mtu.

Si kila Chablis inafaa kulazwa. Petit Chablis, daraja la chini, nunua unywe. Ile ya kawaida, miaka michache. Premier Cru ya mwaka mzuri hufika kumi na kuvuka, na Grand Cru kutoka Les Clos au Valmur inaweza kukungoja zaidi ya hapo, ukiwa na subira na mahali pa baridi.

Dada yangu amesikia haya yote na ameniagiza nimletee moja aiweke kabatini mpaka mwanawe aolewe. Kabatini, Dodoma, mwezi wa kumi! Nitampelekea changa, na nimeshamwambia ainywe wiki hiyohiyo na perege wa Mtera.