Mbuzi ya bibi yavuka Likoni

Afisa wa forodha pale Horohoro alifungua mkoba wangu akakuta ubao uliofungwa kwa kanga. "Hii nini, dada?" Nikamwambia ni mbuzi ya nazi ya marehemu bibi yangu, chuma chake kimeng'oka zamani, naipeleka Mombasa ikaingie kwenye mashua. Akaugeuza mara mbili, akaunusa, akanirudishia bila neno. Mvule ule una harufu ya tui mpaka leo.

Kilichonitoa Tanga ni simu ya mpwa wangu anayeishi Mombasa. Alinieleza kuwa vijana wa mtaani kwao, pamoja na fundi mmoja mzee, wanaunda mashua kwa mbao zinazoletwa na watu: mguu wa kitanda, kipande cha mlango, mwiko, chochote chenye historia ya nyumba fulani. Wanataka chombo kishuliwe, yaani kiteremshwe majini, kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja Septemba 2023. Viwanja vinavyotajwa sana upande wa Kenya, Kasarani na Talanta, viko Nairobi. Vijana wa Mombasa hawakutaka kukaa kusubiri mpira uwafuate pwani. Mimi ni mwalimu wa sanaa. Habari kama hiyo siwezi kuisikia nikabaki nyumbani.

Njia ya Lunga Lunga hadi Likoni naijua, minazi na mikorosho, Msambweni, Ukunda, na joto linaloongezeka kadiri jua linavyopanda. Kwenye feri nilisimama karibu na mama mmoja mwenye beseni la samaki. Aliutazama mkoba wangu, nikamweleza. "Mbona hukuniambia mapema," akasema, kana kwamba tunajuana, "ningekuletea mchi wa mama yangu." Tulipotia nanga upande wa kisiwani alikuwa ameshaniuliza fundi anapatikana wapi.

Jioni mpwa wangu alinipeleka Mama Ngina, pale ufukweni, kupunga upepo. Tukanunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, tukaketi kuzitazama meli zikiingia Kilindini. Mama mkwe wake, aliyekuja nasi, akanyosha kidole upande wa uwanja wa gofu. Pale, Machi 24, 2007, zilifanyika mbio za nyika za dunia. Anazikumbuka vizuri kwa sababu siku ile aliuza madafu yakamwishia mapema. Joto na unyevu wa Mombasa viliwafanya wanariadha wapepesuke. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbia kwa niaba ya Uholanzi, na mama anasema watu walimshangilia kama binti yao.

Nikamuuliza: wageni walipoondoka, wewe ulibaki na nini? Akafikiri kidogo. "Hadithi hii ninayokupa," akasema.

Usiku ule sikulala mapema. Dunia ilikuja hadi pembeni mwa bahari yao, ikakimbia, ikaondoka, na mama aliyeikatia madafu hana kitu mkononi cha kumwonyesha mjukuu.

Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, tukashuka kwenye kijiufukwe cha upande wa Tudor. Mashua ilikuwa imesimama juu ya magogo, mkuku wake wa mbambakofi, mataruma, yaani mbavu zake za ndani, ya mwembe, na ubavuni mbao za kila rangi zilizopandikizwa moja kando ya nyingine. Niliona kipande cha mlango chenye nakshi ya waridi, na chini yake ubao wa bluu uliokuwa kaunta ya duka. Fundi alikuwa ameinama, akisindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao. Kazi ya kalafati haitaki haraka, nikasubiri hadi aliponyanyuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka mbali wewe."

Nikamwonyesha ubao. Hakuushika mara moja. Alifuta mikono kwanza. Wakati anaukagua nikamsimulia kisa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Uingereza ilipojiandaa kwa Olimpiki ya London ya 2012, ilitengwa fedha ya kazi 12 za sanaa, moja kwa kila eneo na taifa la Uingereza, ili mji mkuu usile karamu peke yake. Huko Scotland msanii Craig Coulthard alitengeneza uwanja wa mpira katikati ya msitu. Kusini mashariki mwa England, wasanii wawili wa kundi la Lone Twin waliomba watu walete vitu vya mbao. Vikaja zaidi ya 1,000, kuanzia penseli na vijiko hadi kipande cha gitaa la Jimi Hendrix na kipande cha Mary Rose, meli iliyozama 1545. Ujenzi uliongozwa na Mark Covell, baharia aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Sydney ya 2000. Mashua hiyo, Collective Spirit, ilishuliwa Mei 2012.

"Ikaelea?" fundi akauliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Ikaelea, mzee. Ilizunguka pwani ya kusini hadi Weymouth, palipofanyika mashindano ya mashua ya Olimpiki."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Na sisi tunayo yetu," akasema, akaanza kunieleza jahazi la Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake walikusanya plastiki iliyotupwa, wakaunda chombo cha tanga, wakakivisha kandambili zipatazo 30,000. Kilishuliwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikateremka hadi Zanzibar, kikipita Mombasa. Alikwenda kukiona kwa macho yake. "Nilikigonga kwa ngumi, nikasema, wallahi hiki ni chombo."

Kijana mmoja aliyevaa jezi iliyopauka hakupendezwa na mazungumzo yetu. Aliniuliza wale wa Uingereza walitumia kiasi gani. Nikamwambia ukweli: kila kazi ilitengewa hadi pauni 500,000. Akaguna. "Mwalimu, hela hizo hapa zinatupa uwanja wenye nyasi na taa. Sisi twacheza kwenye mchanga na vioo."

Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, wala sikulitaka. Uwanja anaoudai ni haki yake. Na si kila kazi kati ya zile 12 ilifanikiwa. Nguzo ya mvuke iliyoahidiwa Merseyside, ambayo ilikuwa ipae kutoka majini hadi mawinguni, ilikwama. Nikimlinganisha msanii anayeleta ajabu yake na kuwaita watu waje kutazama, na yule anayegonga mlango na kuuliza una ubao gani, mimi nipo na wa pili, hata kama kazi yake itakuwa na mishono ya ovyo. Mashua ya pale Tudor haijala pauni. Imekula misumari, pamba, mafuta, jasho la fundi na Jumamosi za vijana, akiwemo huyo huyo aliyenihoji. Alipomaliza kusema alirudi kushika ubao mwingine na kuusugua.

Ningependa wanaopanga sherehe za 2027 wafike pale. Ngoma za ufunguzi zitachezwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, na zipigwe kwa nguvu zote. Lakini kutoka Tanga hadi Lamu kuna mafundi wanaokufa na ujuzi wao kwa kukosa kazi. Wapewe agizo moja kila mji, mbao zitoke majumbani.

Fundi alichukua msumeno. Ubao wangu ulikuwa mfupi mno kuwa wa ubavuni. Akaupima kwa shubiri, akapanda chomboni, akaulaza tezi, kwenye bao la mshika usukani. Ukaingia karibu kamili. Akapitisha kiganja katikati, pale palipobonyea kwa miaka ya bibi kuketi akikuna nazi za futari na za harusi zetu.

"Hapa sipigi randa," akasema. "Mwenyewe keshapiga."

Akaniita nipande niushikilie, akachukua uta wa keekee, akaanza kutoboa.